Mkalimani wa Chumba cha Khadijo

Katika mji wa Garissa, mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa, mwanamke akiwa na jambo la kusema na daktari, chifu au mwalimu wa mtoto wake, na Kiswahili hakijui, aliambiwa amtafute Anab. Wala Anab hakuwa mgumu kupatikana. Kila asubuhi alikuwa sokoni, ameketi mkekani miongoni mwa wauza maziwa ya ngamia, mbele yake madumu yaliyofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi. Ukimfikia atakuambia ngoja nimpimie huyu mteja, kisha anamwachia jirani biashara, anajitanda shungi vizuri, mnaondoka.

Kiswahili hicho alikipata Wajir. Alizaliwa Tarbaj, baba yake akafariki yeye angali mdogo, na Kerrow, ndugu wa mama yake, akaamua kwamba msichana atasoma. Kerrow mwenyewe hakujua kusoma, lakini alikuwa amechoka kusimama nje ya ofisi za watu akingoja wa kumsemea. Basi Anab akakaa bweni Wajir hadi akamaliza darasa la saba, chini ya mwalimu wa kutoka Lamu ambaye hakumwachia mtoto aseme "bolisi" akimaanisha polisi. Ndiyo sababu Kiswahili chake kilinyooka, na makarani walipomsikia walimtazama mara mbili.

Alipoolewa aliletwa Garissa na mumewe Awil, mfanyabiashara wa mifugo. Awil alikuwa mtu wa watu. Kukiwa na msiba yeye ni wa kwanza kufika, na kwenye mnada wa mbuzi watu wawili wakigombana yeye ndiye aliyeitwa kuwapatanisha. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alianza kumpiga Anab mwaka wa pili wa ndoa, kwa sababu ya chai iliyopoa, na tangu hapo hakukosa sababu. Hakumpiga usoni. Alichagua mgongo, mikono na mapaja, mahali panapofunikwa na nguo, na Anab aliona kwamba kule kuchagua kulikuwa na akili ndani yake. Haikuwa hasira inayompofusha mtu.

Baada ya mafuriko ulizuka ugonjwa wa mifugo. Mbuzi na ng'ombe walitupa mimba na kufa, watu wakaogopa nyama, mnada ukanyamaza. Majirani walisema maskini Awil, mtaji wote umekwenda. Anab alimhurumia pia, kwa kuwa ilikuwa hasara ya nyumba yake na ya watoto wake watatu. Lakini alijua kipigo kilikuwapo hata wakati wa neema. Sasa kilizidi tu.

Mara mbili katika miaka hiyo alikuwa amepeleka habari Tarbaj. Mara zote mbili wazee walikuja wakakaa, Awil akainamisha kichwa na kuomba radhi, chai ikanywewa. Mjomba Kerrow alimvuta Anab kando na kumwambia, "Subiri, abti. Una watoto." Abti ndilo neno ambalo mjomba na mpwa wake huitana, yeye akikuita hivyo nawe unamwita vivyo hivyo, na kwa Anab lilikuwa neno tamu kuliko jina lake. Baada ya mara ya pili hakupeleka habari tena.

Mtu mmoja tu pale Garissa alikuwa amemwona mkono. Huyo ni Khadijo, mama wa makamo aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na aliyekaa mtaa wa Iftin katika nyumba yenye ua mpana. Wanawake wote walimwita Edo Khadijo, yaani shangazi. Alimfunga Anab kifundo cha mkono kilichovimba, akauliza, "Umeanguka?" Anab akasema ameanguka. Mara nyingine alimfunga tena, na safari hiyo hakuuliza. Alimmiminia chai tu, wakakaa.

Basi asubuhi moja Khadijo akaja sokoni, akanunua maziwa, na badala ya kuondoka akachuchumaa.

"Kuna mgeni anakuja kwangu kesho," alisema. "Wakili, mwanamke, kutoka Nairobi. Ni wa kikundi cha mawakili wanaosaidia wanawake bila malipo. Kisomali hajui hata cha salamu. Nakuomba uje unisaidie kumtafsiria."

"Wanawake wana kesi gani, edo?"

"Za nyumbani."

Anab aliyatazama madumu yake. Alitaka kusema kesho ana kazi. Lakini hakuwahi kumkatalia mtu aliyemwomba ulimi wake, na mwenye kuomba sasa alikuwa Khadijo.

"Nitakuja," alisema.

Wakili alifika Garissa jioni ile na magari ya msafara, yale yaliyosindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi wa njiani. Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, nywele zimesukwa. Kwa heshima ya mji alijifunika leso kichwani, lakini hakuizoea, ikawa inamteleza kila dakika na yeye anairudisha bila kukasirika. Watu walimwita Wakili, naye akaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Khadijo alikuwa amewapa chumba kilichokuwa ghala nyuma ya nyumba. Kilifagiwa, kikatandikwa mkeka, kikawekwa meza ndogo na chupa ya chai. Kabla ya mtu wa kwanza kuingia, Wakili alimwambia Anab neno moja.

"Sema kama anavyosema yeye. Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Usiniambie 'anasema hivi, anasema vile'. Nataka kumsikia mwenyewe, wewe uwe kama haupo."

"Sawa," Anab alijibu. Ilionekana kazi rahisi.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa watoto wengi, ambaye mumewe alihamia Mandera akaoa huko na kusahau njia ya kurudi. Mama huyo alizungumza kwa sauti kubwa na kwa dhihaka, hata Wakili akacheka mahali pa kucheka. Anab akasema, "Mume wangu hajafa, lakini mimi ni mjane," na Wakili akamweleza yule mama kwamba Kadhi anaweza kuamuru baba atoe matumizi ya watoto wake, hata akiwa Mandera, na kwamba kumshtaki hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mama huyo alitoka akiwa amenyooka kidogo kuliko alivyoingia.

Wa pili alikuwa Qali, binti ambaye hata miaka ishirini hakuonekana kuwa nayo. Aliketi, akamwangalia Anab, akaona aibu kusema mbele ya mwanamke wa mjini mwake. Akajaribu mwenyewe kwa Kiswahili alichookota sokoni.

"Bwana yangu nabiga mimi. Kila siku nabiga."

Wakili aliinama mbele kusikiliza, hakuelewa. Qali akarudia. Kisha akakata tamaa na kuanza Kisomali, macho yake yakiwa kwenye mkeka, na maneno yakatoka mengi kwa mara moja. Anab alimsubiri hadi apumue, akafungua kinywa.

"Mume wangu ananipiga," alisema kwa Kiswahili.

Hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo, kwa lugha yoyote. Hata kwa mjomba alisema tu "hatuelewani". Sasa yalitoka kwa sauti yake mwenyewe, safi, kama mwalimu wa Lamu alivyomfundisha, na hapakuwa na namna ya kuyarudisha.

"Endelea," Wakili alisema taratibu.

"Ananipiga kwa kamba ya kufungia ngamia. Sijui kosa langu. Nikisikia viatu vyake mlangoni naacha nilichoshika. Nikimpikia vizuri ananipiga, nikimpikia vibaya ananipiga. Nimeanza kufikiri labda kweli mimi ni mtu mbaya." Hapo Anab alikwama. Qali alikuwa amesema zaidi, na Anab alikuwa ameyasahau yote. Ilimbidi amuulize tena, na Qali akayarudia, na yeye akayasema.

Wakili hakuandika kitu. Alimjibu Qali, na jibu lilipitia kwa Anab.

"Mwambie hana kosa. Mwambie sheria ya Kenya haimruhusu mtu kumpiga mwingine, na haiulizi kama ni mume. Mwambie anaweza kwenda polisi, atapewa fomu ya kupeleka kwa daktari, na daktari ataandika alichokiona mwilini. Na mwambie dini yake pia haikumfunga kwenye madhara. Kadhi anayo mamlaka ya kuivunja ndoa ikiwa mke anadhuriwa. Watoto wadogo hukaa na mama. Na kama anahofia uhai wake, iko nyumba Nairobi ambako anaweza kukaa kwa siri na watoto wake, mpaka mambo yakae sawa. Haya yote hayamgharimu kitu."

Anab aliyageuza maneno hayo kwa Kisomali, moja baada ya jingine. Alimwambia Qali, "Huna kosa." Ilimbidi kumtazama usoni akisema, na Qali naye akamtazama, na kwa muda Anab hakujua ni nani anamwambia nani.

Walikuja wengine siku hiyo. Alikuja Bishara, mama mzee, kwa ajili ya binti yake aliyezuiwa kutoka nyumbani. Alikuja mmoja ambaye hakutaka kutaja jina lake. Jua lilipoinama, chumba kikawa kitupu, na Anab akawa anakusanya vikombe. Bila kugeuka akasema, "Wakili, yuko jirani yangu mmoja."

"Ndiyo."

"Mume wake si mlevi. Watu wanamheshimu. Akisema anapigwa hakuna atakayemwamini. Na ndugu zake walishakaa mara mbili wakasuluhisha. Mtu kama huyo naye anaweza kwenda kwa Kadhi?"

Wakili aliweka sawa leso yake. Alijibu kwa uzito uleule aliowajibu wote, kwamba heshima ya mtu sokoni si ushahidi, kwamba suluhu ya wazee ni kitu kizuri pale inapokomesha madhara, na isipoyakomesha mlango wa korti uko wazi. Kisha akasema, "Mwambie jirani yako nipo hapa kesho mpaka magari ya msafara yatakapoondoka."

Anab alifika nyumbani kabla ya magharibi. Awil alikuwa ameketi uani. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mkewe ameshinda kwa Khadijo na wanawake wanaoshtaki waume zao.

"Leo ulikuwa unauza nini?" alimuuliza.

Anab alijibu kwamba aliombwa kutafsiri. Awil alisimama. Hakupaza sauti. Na hapo Anab akaona jambo ambalo labda lilikuwa likitokea siku zote bila yeye kulitazama. Fowsiya, binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la tatu, aliweka chini kitabu chake cha madrasa, akambeba mdogo mgongoni, akamshika wa katikati mkono, akawatoa nje na kuufunga mlango wa ua polepole nyuma yao. Hakuambiwa na mtu. Hakulia. Alifanya kama anavyofanya mtu anayeanua nguo akiona mvua.

Kipigo kilipita kama vilivyopita vingine. Anab hakukisikia sana. Alikuwa akifikiria mkono wa mtoto kwenye komeo la mlango.

Asubuhi, Awil alipotoka kwenda mnadani kuangalia kama kuna chochote, Anab aliwaogesha watoto, akawavisha, akachukua nguo chache kwenye kikapu cha maziwa, akafunga mlango. Alitembea nao hadi Iftin mchana kweupe, akiwasalimu watu njiani kama kawaida. Khadijo alikuwa mlangoni. Aliwatazama watoto, akatazama kikapu, akasogea kando wapite.

Wakili alikuwa chumbani akipanga vitu vyake. Anab aliketi mkekani, mahali pale alipoketi Qali. Akafungua kinywa, na Kiswahili hakikuja. Kiswahili chote cha Wajir, kilichowafungulia wenzake milango ya ofisi, kilikuwa kimemtoka kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga. Akajaribu tena. Kikaja Kisomali tu, na Wakili akawa anamtazama kwa subira bila kuelewa neno.

Khadijo akaingia, akaketi kando yake, akamsikiliza.

"Mume wangu ananipiga," Khadijo alisema kwa Kiswahili. "Mwaka wa kumi sasa. Jana amenipiga mgongoni na kwenye mbavu, na huku kushoto nikipumua pananiuma."

Anab aligeuka kumtazama. Alikuwa amesahau kwamba huyu mama alifanya kazi miaka yote ile na madaktari wa kutoka pande zote za nchi. Bila shaka alijua Kiswahili. Alikijua kuliko walivyokijua watu wengi wa mji.

"Edo," alisema, "mbona uliniita mimi?"

"Ningekuita uje kama mwenye shida, ungekuja?"

Anab alijitanda shungi upya.

"Nilijua kusaidia hukatai," Khadijo alisema. "Haya, endelea. Anasubiri."

Na Anab akaendelea, na Khadijo akasema "mimi" kila Anab aliposema "mimi", bila kuruka kitu na bila kupamba, mpaka yakaisha. Alipomaliza, Anab alijisikia mwepesi na mwenye baridi, kama mtu aliyetokwa na homa. Wakili akamweleza watakachofanya. Kesi ya Kadhi ataisimamia yeye, atarudi siku ya kusikizwa. Leo, kabla Wakili hajaondoka, Anab aende polisi na hospitali, na asirudi nyumbani.

"Utakaa hapa," Khadijo alisema, kama anayetaja jambo lililokwisha kuamuliwa siku nyingi.

Kituoni alikwenda na Khadijo. Askari kijana aliyekuwa kaunta aliwasikiliza nusu, akafunga kalamu yake. "Mama, haya ni mambo ya nyumbani. Rudini mkazungumze."

Hapo ndipo Kiswahili kilipomrudia Anab. Labda ni mazoea tu, maana alikuwa amesimama mbele ya kaunta nyingi akiwasemea wengine.

"Afande," alisema, "nyumbani tumezungumza miaka kumi. Nimekuja kwako kwa sababu kupigwa ni kosa la jinai, na ninaomba fomu niende kwa daktari. Usiponipa, basi niambie jina la mkubwa wako nikamwombe yeye."

Sajini mmoja mzee aliyekuwa ameketi nyuma akinywa chai aliinua kichwa. Alimuuliza askari yule amekwama wapi, akainuka, akajaza karatasi mwenyewe kwa mwandiko wa polepole, akagonga mhuri. "Mke wangu ni wa kwenu huku, wa Ijara," alimwambia Anab akimkabidhi, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. Kisha akamwelekeza daktari gani amwone, asije akasubirishwa. Anab hakumjua jina mtu yule, na hadi leo anamtia katika dua zake kwa jina la sajini.

Zikaja wiki ngumu. Awil alifika na wazee mlangoni kwa Khadijo, wakaketi kivulini, wakasema maneno mazuri ya kusuluhisha. Khadijo aliwapa chai, akawaambia shauri liko kwa Kadhi na yeye hana uwezo wa kulitoa huko. Siku nyingine Awil alikuja peke yake bila maneno mazuri, na majirani wa Iftin, wanaume, wakatoka wakasimama tu barabarani wakimtazama mpaka akaondoka. Wauza maziwa walimshikia Anab nafasi yake sokoni. Alipokuwa hawezi kwenda, waliuza maziwa kwa niaba yake na kumletea fedha zake jioni pamoja na mkaa. Hakuna aliyemuuliza maswali. Wawili kati yao, Anab alikuja kujua baadaye, walikuwa na sababu zao za kutouliza.

Kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa Tarbaj. Awil alikuwa amekwenda kwa mwenye redio ya upepo, ile ambayo watu walilipia kuzungumza na ndugu walio mbali, na kumwita Kerrow aje amrudishe mpwa wake nyumbani. Habari ikaja kwamba mzee ameshadandia lori la mizigo, yuko njiani.

Alifika na vumbi hadi kwenye kope. Khadijo alimpa maji ya kutawadha, akaswali, akala kidogo, na ndipo akamwomba Anab waketi. Anab alikuwa amejiandaa kulisikia tena lile neno subiri. Alikuwa hata ameandaa jibu.

Watoto walikuwa wakicheza upande wa pili wa ua. Kerrow aliwatazama, kisha akauliza, "Daktari aliona nini, abti?"

Anab akamwambia. Mbavu mbili zilikuwa na ufa. Na kulikuwa na ufa mwingine, wa zamani, uliojiunga vibaya, ambao yeye mwenyewe hakuujua.

"Wa lini, huo wa zamani?"

"Nafikiri ni wa kabla hujaja mara ya pili."

Mzee alivua kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. "Nilikula nyumbani kwake siku ile," alisema. "Wewe ulinipakulia." Kisha akamwomba Khadijo mahali pa kulala, akasema ataondoka kesi ikiisha.

Siku ya kusikizwa Wakili alikuja, leso yake imebanwa kwa pini safari hii. Kadhi alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza bila kukatiza. Alisoma karatasi ya daktari. Alimuuliza Awil kama ni kweli. Awil akasema alikuwa akimrekebisha mkewe, na ndugu wa mke wanajua, na walishamkubalia mara mbili. Akamnyooshea Kerrow mkono.

Kadhi akampa Kerrow nafasi. Mzee akasimama.

"Ni kweli nilimwambia asubiri," alisema. "Mara ya kwanza nilimwambia, na mara ya pili. Nilidhani namlindia nyumba yake. Mimi ndiye niliyemwoza kwa huyu bwana, basi mimi naomba nirudishiwe. Sina neno la subiri tena."

Anab alikuwa ameapa kutolia mbele ya Awil, na hakulia. Lakini alikunja ncha ya shungi mkononi, na Wakili aliyeketi kando yake akaufunika mkono ule na wake.

Ndoa ilivunjwa kwa sababu ya madhara. Watoto wakabaki na mama yao, na baba akaamriwa kutoa matumizi. Kwa upande wa polisi, hakimu aliyepelekewa karatasi ile ya daktari alimwekea Awil sharti la kuweka amani, asimkaribie Anab nyumbani wala sokoni, na wazee wa pande zote mbili wakalitia mkono wao pia, jambo ambalo Awil aliliogopa kuliko korti. Si kwamba kila kitu kilinyooka. Matumizi yalikuja mwezi huu, mwezi mwingine hayakuja, na kulikuwa na watu mjini waliomwona Anab na kugeuza uso. Lakini alipanga chumba chake mwenyewe Iftin, nyumba ya nne kutoka kwa Khadijo, na jioni ya kwanza humo walikula wakiwa wameacha mlango wazi.

Qali hakurudi. Anab aliuliza sokoni akaambiwa mumewe amemhamishia Kutulo, upande wa Mandera, kwa jamaa zake. Alimwambia Wakili, na Wakili akamtafutia jina la mwanamke mmoja Mandera anayewasaidia wanawake kama afanyavyo Khadijo, na Anab akatuma salamu kwa dereva, na kwa dereva mwingine, na kwa redio ya upepo. Bado hakuwa amepata jibu. Kila akikaa kwenye chumba kile kutafsiri, maana sasa alikwenda kila Wakili anapokuja, alimsikia Qali kwanza kabla ya mwingine yeyote. Alijua ni kinywa cha yule binti kilichomfungulia chake.

Hilo alimwambia Khadijo siku moja walipokuwa wakichambua mchele. Alikuwa amejaribu mara nyingi kumshukuru na kila mara Khadijo alibadilisha mazungumzo, akauliza kuhusu mtoto au akalalamikia bei ya sukari. Safari hii Anab hakumwachia nafasi.

"Edo, niache niseme. Nimewasemea watu maisha yangu yote, na hili la kwangu sijui kulisema. Ulinifunga mkono bila kuniuliza. Ulinileta kwenye mkeka ule bila kunivuta. Watoto wangu wamelala kwenye kitanda chako. Nikiomba dua naanza na mama yangu, kisha wewe, kisha Wakili, kisha abti, kisha yule sajini, kisha Qali, na wale wa maziwa, na nikifika huko usingizi unanikamata nikiwa bado sijamaliza."

Khadijo alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani.

"Basi anza na hao wa mwisho kesho," alisema, "nao wapate." Lakini macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

Nje, Fowsiya na wadogo zake walikuwa wakibishana na watoto wa jirani kwa sauti za juu kabisa juu ya mpira wa matambara, nani aliutupa na nani aufuate. Anab alisikiliza ugomvi ule wote hadi mwisho, akitabasamu, kisha akapeleka mchele jikoni kuuosha, kwa sababu Wakili alikuwa njiani na msafara, na wageni walikuwa wengi siku hiyo.